Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: mgongo wa mama hausubiri bajeti

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Naandika hadharani kwa sababu simu zako hazipokelewi, na msaidizi wako naye amechoka kuniambia uko kikaoni Dodoma.

Juzi tumemrudisha mama kutoka hospitali hadi nyumbani Tandahimba, amelazwa kwenye godoro ndani ya Noah, analia kila tuta. Ana TB ya uti wa mgongo, pingili za kifuani. Dawa anameza, na hizo ni bure, nashukuru. Lakini miguu inamfia na mkojo unatoka kwa mpira.

Daktari, kijana muungwana, alinionyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu: ugonjwa umekula pingili kwa mbele, usaha umebana mishipa ya fahamu. Wanaweza kupasua ubavuni, wakatoa kipande cha ubavu na kupita kifuani mpaka kwenye pingili yenyewe. Hapo wanausafisha ugonjwa wakiuona, ila kifua kinafunguliwa na baadaye anahitaji ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Au wapite mgongoni, wakate kipande cha ubavu karibu na pingili, wazunguke hadi mbele, kisha wafunge skrubu na vyuma. Kwa mama, ambaye mapafu yake si mazima, hiyo ndiyo afadhali. Kufungua mfupa wa nyuma tu na kushona ndiyo kazi nyepesi, na ndiyo aliyoikataa: nguzo za mbele zimeliwa na mchwa, halafu wewe ubomoe za nyuma?

Nikauliza, hapa mnafanya ipi? Akatazama chini. Skrubu hakuna, bingwa wa mgongo hakuna. Rufaa, Muhimbili.

Mheshimiwa, si wewe uliyesema jukwaani kwamba mtu wa kusini hatapanda tena basi kufuata matibabu Dar? Tulikupigia vigelegele. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga, hata hilo basi halikupita. Labda fedha zilikwenda kwenye rangi ya majengo, maana rangi tunaiona.

Siombi jengo. Naomba daktari mmoja wa mgongo, na skrubu zake. Kama hilo ni zito, basi gari la wagonjwa limfikishe mama Dar wiki hii, maana pesa ya korosho imeishia kwenye vipimo. Gari tu, Mheshimiwa. Wiki hii.

Wako,
Mpiga kura, Tandahimba