Tone la maji na kanga yako

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, saa nne usiku

Mpendwa Mama Nasra,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Nasra na kwa watoto. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Nimeanza kama tulivyofundishwa darasa la tano, usije ukasema Dar imeninyang'anya adabu.) Sasa tuingie kwenye lililonifanya nishike kalamu: shoga yangu, ile kanga uliyonipa Idi imeanza kazi nyingine.

Unaikumbuka kamera aliyoniachia kaka alipohamia Dodoma. Miaka yote nimeitoa kabatini kwenye maulidi na kumaliza shule tu. Mwezi uliopita nikapita Kariakoo nikanunua flashi ya mtumba, ya betri nne, pamoja na vile vidude vya redio vinavyoiwasha ikiwa mbali na kamera. Nikajiambia nitapiga picha ya tone la maji likidondoka, hapahapa chumbani. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Leo ni wiki ya tatu.

Shida ya kwanza ilikuwa tone lenyewe, liwe linaangukia palepale kila mara. Maelekezo mengi yanasema utoboe mfuko wa plastiki kwa sindano, uujaze maji, uutundike. Mifuko tuliagana nayo Juni 2019, na ule wa mkate niliojaribu ulichanika ukalowesha godoro. Ndipo nikakukumbuka wewe. Nikaenda duka la dawa nikanunua seti ya dripu. Muuzaji akauliza mgonjwa ana nini, nikamwambia mgonjwa ni kamera. Hakucheka.

Ile ncha yake ya juu nimeichomeka kwenye kifuniko cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, chupa nikaigeuza kichwa chini na kuifunga kwenye kamba ya chandarua. Mrija unashuka mpaka sentimita 40 juu ya bati langu la keki, lile jeusi, nililolijaza maji hadi ukingoni. Kile kigurudumu unachokisukuma kwa dole gumba kutwa nzima huko wodini ndicho kilichoniokoa. Wazee walisema chururu si ndo ndo ndo, na mimi nilitaka ndo, ndo, ndo, moja kila baada ya sekunde mbili. Ikaenda vizuri kama dakika tano, ikapunguza mwendo, ikagoma. Nikaminya mrija, nikaupuliza, nikaulaani. Najua wewe umeshaliona kosa na unacheka peke yako. Chupa ile haikuwa na pa kuingizia hewa! Nikaitoboa tundu dogo kwenye kitako, maji yakaanza tena.

Asubuhi yake jirani wa chumba cha pili akabisha hodi na bakuli la uji wa ulezi. Usiku alipita akaona dripu inaning'inia dirishani. "Poleni jamani, nani anaumwa?" Nikamweleza, lakini uji nilishaupokea, na uji ukishapokelewa haurudishwi.

Basi, usiku ule wa kwanza nilipata nini? Kamba nyeupe tupu. Niliiacha flashi kwenye nguvu zake zote, maana niliamini kitu kinachokimbia kinataka mwanga mwingi. Kila tone likatoka na mkia kama kiluwiluwi. Kijana wa studio ya picha za pasipoti hapa barabarani alipoziona akaniambia, "Dada, shusha flashi. Weka moja ya sitini na nne ya nguvu zake." Nikadhani ananitania. Mtu analalamikia giza, wewe unamwambia apunguze taa?

Kumbe flashi hizi ndogo ukizishusha haziwaki kinyonge. Zinawaka vilevile, ila zinakatwa mapema. Fikiria bomba unalolifungua na kulifunga papo hapo: maji ni machache kwa sababu muda ulikuwa mfupi, si kwa sababu bomba halina nguvu. Kwa nguvu zote mwanga hudumu kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, pengine zaidi. Ukishuka hadi 1/64 au 1/128 unakaribia sehemu moja ya elfu ishirini. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa. Tone likianguka sentimita 40 linafika majini na kasi ya karibu mita 2.8 kwa sekunde. Kwenye ile sehemu moja ya elfu linakuwa limesogea karibu milimita tatu, na huo ndio mkia. Kwenye sehemu moja ya elfu ishirini halimalizi hata robo ya milimita.

Na kamera je? Mlango wake nimeuweka ubaki wazi 1/160 ya sekunde, maana kamera yangu ikivuka kasi ya 1/200 picha inatoka na upande mweusi. Kwa muda huo tone linatembea karibu sentimita mbili! Kwa hiyo kamera kazi yake ni kufungua mlango tu. Anayelishika tone ni flashi, tena akiwa peke yake chumbani. Taa nyingine ikiingilia, inamchorea mkia upya.

Hilo la taa sikulielewa mpaka umeme ulipokatika. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili usiku, niko katikati ya kazi. Feni ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, mtaa ukawa kimya mpaka jenereta ya mtu ilipoanza kunguruma kule mbali. Mimi nimekaa gizani na jasho langu, nataka kulia. Dripu haina habari: ndo... ndo... ndo... Flashi inakula betri zake, kamera ina chaji, fokasi nilishaifunga tangu jioni. (Hiyo fokasi naifanya kwa kalamu. Nailaza juu ya bati pale tone linapopiga, naiangalia kwenye kamera hadi maandishi ya ubavuni yasomeke, nazima otomatiki, halafu naiondoa kalamu na siligusi tena lenzi.) Nikaanza kubonyeza kwa sikio.

Ukingoja usikie "ndo" ndipo ubonyeze, umechelewa, kidole hakina mbio hizo. Ni kama tulivyokuwa tunaruka kamba pale uwanjani: unasimama pembeni, kichwa kinaitikia, kamba inapita mara tatu, ya nne unaingia. Nilipofumba macho ndipo nikaanza kupata. Na ule upepo wa feni uliokuwa unayumbisha mrija siku zote, sasa haupo. Picha thelathini za kwanza takataka. Halafu ikaja moja, nikaisogeza karibu na uso kwenye kioo cha kamera. Mnara mwembamba wa maji umesimama wima, shingo imebana, na juu yake shanga moja ya mviringo ambayo haijaamua kama inaondoka au inabaki. Nilipiga kelele. Watoto wa uani ambao usiku kucha walidhani nachomelea geti kwa ile miale wakakimbilia dirishani.

Sasa habari ya kanga. Mwanzo nilikuwa nalimulika tone kwa mbele, likatoka na doa kali jeupe kama jicho la samaki wa kukaanga. Maji hayana rangi yake ya kukuonyesha, yanakuonyesha kilicho nyuma. Nikatundika kanga yako nusu mita nyuma ya bati, na flashi nikaiweka nyuma ya kanga, ikiupiga mwanga kupitia kitambaa. Kamera nikaiweka ISO 400 (wepesi wake wa kuona mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi). Maji yote ya bati yakawa ya chungwa. Na ndani ya kila tone lililo hewani, Mama Nasra, kuna kanga nzima imekunjwa! Tone ni lenzi, linapindua. Pindo jeusi ambalo nililitundika liwe chini, ndani ya tone liko juu, na maua ya mji yananing'inia yakitazama sakafu. Nilitafuta jina nikaishia kuona mstari mdogo kama wa sisimizi.

Nimejaribu na maziwa, nikitaka lile taji lenye meno kama la picha maarufu ya Harold Edgerton wa Marekani, ya mwaka 1957. Taji halitaki bati lililojaa. Linataka utando mwembamba kwenye sahani, milimita mbili tatu hivi. Maji yenye kina yanakupa shimo, kisha mnara. Mataji yangu yote yamepinda, na nilishaanza kuilaumu sakafu ya nyumba hii. Halafu nikasoma habari za Mwingereza Arthur Worthington. Miaka ya 1870 alikaa gizani, cheche moja ya umeme ikimulika tone, naye akachora kile jicho lilichobaki nacho. Akachora mataji yaliyolingana pande zote. Alipokuja kupata picha zenyewe miaka ya 1890 akakuta mengi hayalingani hata kidogo. Sakafu nimeisamehe.

Rangi ya keki usijaribu karibu na chandarua cheupe. Hapo sina zaidi ya kusema.

Hesabu yangu mpaka leo ni picha 312, nzuri tisa. Moja nimeichapisha kwa yule kijana na nimeifunga humu. Mpwa wangu anapanda basi la Tanga kesho alfajiri pale Mbezi, yeye ndiye anayekuletea bahasha hii. Nina ombi pia. Nataka matone mawili yafuatane karibu sana, la pili lipige kichwa cha mnara wa la kwanza lifunguke kama mwamvuli, na kwa kigurudumu hiki nimeshindwa. Wewe umeshika dripu miaka kumi na nne. Kuna ujanja wowote wa mkono, au nakata tamaa?

Picha ukiitoa usianze kuigeuzageuza ukidhani nimeikosea. Pindo la kanga lililo ndani ya tone ndilo lililo juu, lile la nyuma liko chini, na ndivyo inavyotakiwa.

Wako,
Mwanaidi