Kabla hujaagiza ufito mrefu wa trauti, nioneshe chambo chako

Mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia kwenye karakana yetu ya fito za kuvulia, hapa Mwanga, Kigoma, na bomba refu la plastiki begani. Ndani mlikuwa na ufito mtupu wa kaboni, ule ambao mafundi tunauita blanki: hauna pete za kupitishia mshipi, hauna mpini, hauna kishikio cha rili, yaani kile kigurudumu cha kuviringishia mshipi. Aliuagiza mtandaoni akausubiri wiki kadhaa.

"Fundi, nivalishie huu. Likizo nakwenda Mufindi kuvua trauti."

Trauti huku kwetu hakuna. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 28 hivi, na trauti huanza kutaabika yakipita nyuzi 20. Makao yake ni mito ya baridi ya Aberdare na Mlima Kenya, na kwa upande wetu nyanda za juu kama huko Mufindi kwenye mashamba ya chai. Lakini wateja wa safari za aina hiyo tunao, na karibu wote hukosea palepale: huanza na urefu wa ufito, chambo wanakikumbuka mwishoni.

Nikamuuliza, "Mwalimu, utarusha nini?"

Akatoa kikopo cha spina za Mepps, vile vyambo vya chuma vyenye kibamba kinachozunguka majini, namba 0 na namba 1. Ya kwanza ina gramu 2.5, ya pili 3.5. Nikaugeuza ufito wake, tukasoma pamoja maandishi ya kwenye shina: mita 2.7, gramu 7 hadi 28. Mwalimu akanyamaza.

Ufito haurushi kwa nguvu za mkono wako peke yake. Unapoupeleka nyuma, uzito wa chambo huukunja. Unaponyooka ndipo unapokitupa. Chambo kisipoweza kuukunja, umeshika mchi. Mpe mtoto upinde wa mtu mzima uone kama mshale utafika mbali. Tulishuka Kibirizi kujaribu, rili nimeifunga kwa utepe na pete za muda nimezibandika. Spina ya gramu 2.5 ilianguka karibu kabisa, vijana waliokuwa wakianika dagaa wakacheka wazi. Nilipofunga kipande cha madini ya risasi cha gramu 15, ufito uleule ukapiga mbali, wakaacha kucheka. Ufito haukuwa mbovu, ulikuwa wa kazi nyingine.

Kwa nini basi mtu atake urefu? Mtoni una faida ya kweli. Trauti hukaa nyuma ya jiwe, mahali maji yanapotulia, na kati yako na yeye kuna mkondo wa kasi. Mshipi ukilala juu ya mkondo huo, spina inaburutwa kabla samaki hajaiona. Ufito wa mita 2.7 ukiuinua unashika mshipi hewani, spina inazunguka taratibu pale unapotaka. Tena ufito mrefu na laini unameza mishtuko ya samaki, kwa hiyo unaweza kutumia nailoni nyembamba ya milimita 0.16 bila kukatikiwa kila mara.

Hasara ya urefu inakaa kwenye ncha. Gramu moja iliyo mita mbili na nusu kutoka mkononi inasumbua kuliko gramu kumi zilizo kwenye mpini. Ufito mrefu wenye ncha nzito ukiutikisa unaendelea kuyumba baada ya mkono kutulia, na kufikia saa nne asubuhi kifundo cha mkono kinauma. Ndiyo maana kwa urefu huu siwashauri watu faibaglasi, ambayo ni nzito kuliko kaboni, ingawa naipenda kwa ugumu wake wa kuvumilia mawe na mikono ya watoto. Kwa mita 1.8, sawa. Kwa mita 2.7 ncha inakuwa nzito na kulegea.

Fito za spina zilizo ndefu na nyepesi hivyo ni chache, kwa sababu viwanda vingi vikirefusha ufito huuongezea na nguvu. Mimi huwa natafuta upande wa pili, kwenye blanki za uvuvi wa nzi bandia, ambako chambo ni kijidudu cha manyoya kisicho na uzito na kinachorushwa ni uzito wa mshipi wenyewe. Huko futi 9, yaani mita 2.74, ndio urefu wa kawaida, na ncha ni nyembamba kama njiti ya fagio. Namba zake zisikutishe. Namba hiyo inatokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi wa nzi: namba 3 ni gramu 6.5 hivi, namba 4 ni 7.8, namba 5 ni 9.1. Usizihamishe moja kwa moja kwenye chambo, maana mshipi ule uzito wake umetandazwa hewani na spina imekaa mahali pamoja. Kwa mkono wangu, namba 4 hurusha vizuri gramu 2 hadi 5. Namba 3 ni tamu zaidi kwa spina ndogo, ila ukikutana na samaki mkubwa kwenye mkondo utamkimbiza sana mtoni. Nyingi huja vipande vinne, kila kimoja sentimita 70 na kidogo, kwa hiyo kwenye basi au treni ya kutoka Kigoma unaupakata bila kugombana na kondakta.

Maandishi ya IM6, IM7 na IM8 yasikupumbaze. Asili yake ni majina ya bidhaa za kampuni moja ya nyuzi za kaboni, Hexcel, na watengenezaji wengine wakayachukua wanavyopenda. Si kipimo kama cha TBS, shirika letu la viwango. Kipimo changu ni cha mezani: nabana shina ufito ulale sambamba na sakafu, nafunga kifuko cha kitambaa kwenye ncha, naongeza mchele kidogo kidogo mpaka ncha ishuke theluthi ya urefu wote, kisha napima mchele kwenye mizani. Blanki mbili zenye maandishi sawa zinaweza kupishana sana hapo. Wamarekani hufanya hivihivi kwa kutumia sarafu zao za senti. Mchele una faida ya kupikwa baadaye.

Ukishaipata blanki nzuri, bado inaweza kuuawa na pete. Ncha nyembamba hiyo haitaki pete nzito za miguu miwili. Tunaweka ndogo za mguu mmoja, na uzi na gundi kwa kiasi. Pete ya kwanza iwe kubwa na ndefu kwenda juu, milimita 20 inatosha kwa rili ndogo, kwa kuwa mshipi hutoka kwenye rili ya spina kwa miduara. Fundi akiweka pete ndogo za nzi kuanzia chini mpaka juu, mshipi utakwaruza na mrusho utafupika.

Jambo moja la kuuliza kabla hujatoa hela: baadhi ya maji ya trauti huruhusu nzi bandia tu. Piga simu kwa wenye mto au bwawa kwanza.

Kuupima ufito kwa mchele hatutozi. Njoo na rili utakayotumia na chambo chepesi kuliko vyote ulivyonavyo, hata kama blanki yenyewe hujanunua. Mwalimu tulimpatia namba 4 ya vipande vinne. Ule wa kwanza hakuutupa. Tuliuvalisha pete za nguvu, na sasa jioni anautumia kurushia migebuka kutoka kwenye mtumbwi wa shemeji yake, na ameniagiza nisimwambie mkewe kwamba fito ni mbili.