Barua kwa mwanangu: Januari hutengenezwa Julai

Mwanangu, kamwene.

Barua yako imefika. Unauliza kwa nini kila Januari mnakwama, wakati Julai ghala lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Mwanangu, kukwama kwa Januari hutengenezwa Julai hii hii. Watu huanza kuhesabu mwaka watoto wakishadai sare, shamba likidai palizi na mfuko ukiwa mtupu. Wewe anza siku mahindi yanapotoka shambani. Siku hiyo nyumba ina mali yake yote mkononi na haijaanza kuitumia.

Kwanza mahindi yenyewe. Usivune kwa kutazama majani tu. Menya hindi moja, ng'oa punje, angalia kitako chake: kikiwa na doa jeusi, limekomaa. Lililokomaa likiachwa wiki nyingi shambani, fukusi na dumuzi huliingia huko huko, nawe unawabeba kichwani mpaka nyumbani. (Dumuzi ndiye yule wazee waliyembandika jina la Scania.)

Kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Tandaza juu ya turubai, tabaka lisizidi unene wa vidole viwili, geuza mara kwa mara, na ukunje kabla umande haujashuka. Mahindi yakilala juu ya udongo hunyonya unyevu na kuota ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu. Moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, nao walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe. Punje zilizooza au kubadilika rangi usiwape kuku wala usipikie pombe ya komoni, zifukie. Na usipukuchue kwa kupiga gunia na fimbo, maana punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu na wadudu.

Kujua kama yamekauka, usitegemee kuuma kwa jino peke yake. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia vijiko vitatu vya chumvi uliyoianika juani, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado ni mabichi. Isipoganda, yamekaribia kukauka. Bado yape siku moja au mbili za jua kali kama unayatia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu mfuko ule hautoi unyevu nje. Ukifungia unyevu ndani, utafungua uvundo.

Mifuko hiyo, ya PICS na jamii yake, ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kabla ya kujaza, puliza kila nailoni, ikamate shingo na uibane uone kama hewa inavuja. Jaza huku ukishindilia kwenye pembe, acha shingo ya kutosha kusokota, sokota, ikunje, funga kwa mpira au kamba. Nailoni ya pili nayo ifunge peke yake, halafu kiroba. Usifunge zote tatu kwa kamba moja. Humo huweki dawa yoyote. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, ndiyo maana ukiufungua wiki ya pili kuchungulia umewaokoa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na uwe na paka. Panya akitoboa tundu moja tu, una kiroba cha kawaida cha bei ghali.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pa kukaa na mkwe wangu, nyote wawili, daftari moja. Msikisie. Pelekeni debe moja mashineni, andikeni tarehe, na siku unga utakapokwisha andikeni tena. Tuseme ninyi sita mnamaliza debe kwa siku 9. Mwaka una siku 365, hivyo mnahitaji debe 41. Gunia ni debe 6, kwa hiyo ni karibu magunia 7. Ongezeni moja kwa ajili ya chakula cha vibarua, wageni, misiba, na mahindi ya uji ambayo shule itawaomba. Hayo 8 yaandikeni namba kwa kalamu ya wino mzito na myasukume ukutani, nyuma kabisa. Si ya kuuza hata mnunuzi akija na pesa taslimu na maneno matamu. Atakayeyauza sasa atakwenda kuhemea Februari, na ataununua unga ule ule kwa bei ya mwenye dhiki.

Yanayobaki ndiyo ya soko. Msiuze yote Julai kulipa madeni, na wala msiyakalie yote mkingojea bei ya Februari. Bei hupanda miaka mingi, lakini si kila mwaka. Kwa magunia 12 ya kuuza, mimi ningetoa 4 au 5 kati ya Agosti na Oktoba kwa ajili ya mbolea, mbegu na sare, mengine nikayagawa Januari na Machi. Uzeni kwa mizani. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ni wizi wenye mshono mzuri, na sheria ya vipimo inaikataza.

Kuhusu kikundi cha kuweka akiba: kabla ya kununua hisa, uliza kinavunja lini, yaani lini wanachama wanagawana pesa. Kikundi kinachovunja Pasaka kitakupa pesa wakati huna cha kulipia. Tafuta kinachovunja Novemba.

Agosti na Septemba zinaonekana kama miezi ya kupumzika. Hapana. Ndipo mnapokwenda ofisi ya kijiji kuhuisha taarifa zenu za mbolea ya ruzuku, maana namba ya usajili ikiwa na eka zisizo sahihi, duka la mbolea halitakusikiliza Novemba. Ndipo unaposhona sare, fundi akiwa hana foleni. Kata kubwa kidogo na uache upindo wa vidole vinne. Huyu wa tatu anayeingia darasa la awali atatakiwa cheti cha kuzaliwa. Wa chini ya miaka 5 hupewa bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, basi mpeleke kabla hajavuka umri huo.

Na mdogo, mwenye miezi 7 sasa: Septemba atatimiza 9, ni chanjo ya surua na rubela. Wanawake wengi huishia hapo na kadi inalala kabatini. Kuna dozi ya pili akiwa na miezi 18, nayo kwake itaangukia Juni, katikati ya mavuno, wakati ambapo kila mtu husahau. Iandike leo ukutani kwa chaki. Matone ya vitamini A ni kila miezi 6. Uji wake uwe mzito, usimwagike kijikoni kama maji; uji mwepesi hujaza tumbo bila kumlisha. Na unga wa nafaka saba unaouzwa sokoni usikutishe. Mahindi, karanga safi zisizo na ukungu, yai siku ukilipata, na mboga zilizopondwa, pamoja na kunyonya, vinamtosha. Soya ukitaka kuitia, ichemshe au ikaange kwanza, mbichi humsumbua tumbo.

Baridi hii ya Julai isiwafanye mlale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake haina harufu na inaua usingizini, mlango ukiwa umefungwa. Moto wa mkaa uoteni nje, na jiko lisiingizwe ndani wakati wa kulala.

Tuje kwenye kupanda, maana hapa ndipo shule na shamba hugongana. Ukipanda mvua za kwanza zinapotulia, mwishoni mwa Novemba, palizi ya kwanza inakuja wiki ya tatu, katikati ya Desemba, watoto wakiwa likizo. Ukichelewa mpaka Krismasi, palizi inaangukia wiki ile ile ambayo shule zinafunguliwa, na mkubwa ndiye atakayekosa darasa. Kuchelewa kupanda kunamrudisha mtoto nyuma kuliko kukosa kalamu. Kwa hiyo shamba liwe limelimwa Oktoba.

Kamba iwe na mafundo kila sentimita 60, mistari ipishane sentimita 75, mbegu mbili kwa shimo. Eka moja hutoa mashimo kama 9,000. Mbolea ya kupandia, DAP, ni kizibo kimoja cha soda kwa shimo, kama gramu 5, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unatosha eka na kubaki kidogo. Ukimaliza mfuko nusu eka, kizibo kinafurika. Ukimaliza eka huku nusu ya mfuko ikiwa imebaki, kuna mtu anaruka mashimo. Funika mbolea kwa udongo kabla ya kuweka mbegu, vinginevyo mbegu inaungua na utamlaumu mwenye duka bure. Mbegu kilo 8 hadi 10 kwa eka. Pakiti iwe haijafunguliwa, na risiti uitunze mpaka mbegu iote.

Yakifika magotini, weka urea, mfuko mmoja kwa eka, udongo ukiwa na unyevu, kiganja kimoja kutoka kwenye shina, na uifukie. Urea iliyoachwa juu inapotea hewani. Kila baada ya siku tatu mkubwa apite shambani kabla ya shule, akague mimea 10 katika sehemu tano. Akiona machicha kama vumbi la mbao kwenye moyo wa mmea, hao ni viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini 2017. Dawa hupigwa jioni, ndani ya moyo wa mmea, wadudu wakiwa bado wadogo. Wakishakuwa wakubwa hujificha chini ya kinyesi chao na dawa haiwafikii. Kazi hiyo ya kukagua ni ya nusu saa, inamfaa mtoto. Jembe kutwa nzima siku ya shule halimfai.

Kuku wachanje mdondo kila miezi mitatu, tone moja jichoni, na uwashawishi majirani wachanje siku hiyo hiyo ili chupa moja iwatoshe wote.

Kamba nimeifunga mafundo mwenyewe, nimempa baba yako mdogo anayekuja huko Jumamosi. Fundo lenye uzi mwekundu ndilo la kuanzia. Usiilowanishe kabla ya kupima, ni ya katani, hujikunja.

Wasalimie wajukuu, na mkwe wangu mwambie nasubiri hesabu ya debe.

Mama yako