Liemba haikuanza mwaka 1927

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ile habari yenu ya meli ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, imenishinda. Mliiita "meli ya Waingereza ya mwaka 1927". Si kweli, na kosa lenu limeingia hadi nyumbani kwangu.

Mjukuu wangu alipewa shuleni kazi ya kueleza historia ya meli hiyo. Akaandika nilivyomsimulia: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikajaa makasha 5,000, ikashushwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia ziwani Februari 1915. Julai 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe na adui, ila kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya miaka minane, injini zilikuwa bado zinafaa! Hiyo 1927 ni mwaka iliporudi kazini kwa jina jipya, basi. Daftari likarudi na mkwaju mwekundu ukurasa mzima, na kipande cha gazeti lako kimebandikwa pembeni kama ushahidi. Mtoto akaniuliza, "Babu, kumbe ulinidanganya?" Mimi niliyepanda Liemba tangu sijaota ndevu! Usiku ule sikupata usingizi.

Na mkiandika tena, msiache suala la magati. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa nayo. Meli ilitia nanga mbali, ikapiga honi gizani, mitumbwi ikaja kubanana ubavuni, na mama akampokeza mwanawe kwa mtu asiyemjua huku wimbi likiuinua mtumbwi na kuushusha. Mke wangu alipoteza gunia zima la dagaa namna hiyo, mtaji wake wote wa mwaka. Hilo nalo ni historia ya Liemba, sijaliona mkiliandika.

Ninachotaka ni masahihisho, ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, yakitaja 1913, 1915, 1916, 1924 na 1927 kwa mpangilio huo. Mnitumie nakala mbili: moja nitaibandika kwenye daftari la mjukuu, ya pili nitampelekea mwalimu wake mwenyewe.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma