Kabla hujalipia ile nyumba ya magurudumu

Mwanangu,

Salamu zako na za mkeo zimefika. Mama yako mzima, goti tu ndilo linamsumbua. Picha ya gari uliyonitumia nimeitazama mara tatu hapa nilipopaki lori: futi 30, jiko, choo, kitanda cha kifalme, dola 68,000. Zuri, sikatai. Ila mwaka huu usinunue, likodi tu.

Unalikumbuka lile letu la Minneapolis, ulipokuwa darasa la tatu? Wewe unakumbuka kucheza ndani yake uani. Mimi nakumbuka bili. Kwa miaka minne tulilala njiani usiku 11. Baridi ya kwanza sikujua kwamba maji yote hutolewa, kisha mabomba hutiwa ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Theluji ilipoyeyuka nikakuta bomba limepasuka na sakafu imevimba. Kisha gundi ya paa ikafanya nyufa, maji yakapenya kidogo kidogo, mbao zikaoza ndani kwa ndani huku nje gari linang'aa. Bima nalipa, maegesho nalipa, na gari limelala. Bei niliyoliuzia, mama yako haijui mpaka leo, na wewe usimchokoze.

Sasa safari yenu. Kutoka Columbus hadi mbuga ya Glacier, Montana, ni karibu maili 2,000. Gari la ukubwa ule galoni moja hulifikisha maili nane hadi kumi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni galoni 400 mpaka 500, na siku zaidi ya sita za likizo yako zimeishia kwenye usukani. Halafu hiyo barabara ya mbugani, Going-to-the-Sun, wanayoililia wajukuu wangu: kati ya vituo vyake vya Avalanche na Rising Sun hairuhusiwi gari linalozidi futi 21, bampa hadi bampa. Lako lingebaki kambini.

Pandeni ndege hadi Kalispell, mji ulio karibu na mbuga, mkodi fupi lenye mikanda minne. Soma mkataba: maili ngapi zimo ndani ya bei, jenereta inahesabiwa kwa saa au la, tangi la choo anamwaga nani. Hilo tangi mwaga mwenyewe, hata kama wao wanakubali kulimwaga kwa ada. Ukishalimwaga usiku, mvua inanyesha, mkeo amekushikia tochi na ameziba pua, utajua kama unataka kuwa na lako.

Mkirudi bado unalitaka, niambie. Tutatafuta la mtumba, jipya huporomoka bei mara likitoka dukani. Paani nitapanda mimi. Na matairi usidanganywe na kashata nzima, maana magari haya hukaa tu na mpira unazeeka. Tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Jumapili nitakuwa Amarillo napumzika. Piga jioni, watoto wakiwa macho.

Baba yako