YAH: KITANDA NINACHOLIPIA PEKE YANGU KUPANGISHWA KWA MWINGINE

Kwa Meneja wa Malazi,

Mimi ni mhudumu wa ndege na mpangaji wenu, chumba namba 3, kitanda cha chini. Mkataba wangu ni wa kitanda cha peke yangu, si cha kupokezana, na tofauti hiyo ya bei nailipa kila mwezi, niwepo nisiwepo.

Jumanne iliyopita ndege mbili ziliniacha. Sisi tunaoishi mji mwingine na kwenda kazini kwa ndege hupewa kiti kikibaki tu. Nilifika kwenu saa tano usiku, na zamu ilianza saa kumi na moja alfajiri. Kufunua pazia, namkuta dada amelala fofofo kwenye shuka zangu. Simlaumu. Aliamka akaomba radhi, akasema ofisi yenu ndiyo iliyompa kitanda hicho kwa siku mbili, na amelipa. Kikadi chenye jina langu nilikikuta chini ya godoro, gundi yake imeshakwisha kwa kubanduliwa na kubandikwa. Basi haikuwa mara ya kwanza.

Nilimwacha alale, maana naye alikuwa na safari asubuhi. Nikajilaza kwenye kochi sebuleni, watu wakiingia na kutoka wakiburuta masanduku. Hadi saa tisa sikuwa nimepata usingizi hata wa saa moja, nikapiga simu kazini kusema siwezi kuruka. Huo si uvivu. Ndege hupimwa kama, ikitokea dharura, abiria wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, na anayesimama mlangoni kuwatoa ni mimi. Safari ya siku tatu ikanipita, pamoja na malipo yake.

Nilipowapigia mkanijibu kwamba kitanda "kilikuwa wazi tu". Kuwa wazi ndiko ninakokulipia! Nikiwa zamu ya akiba naweza kuitwa wakati wowote, na sijui mapema nitalala wapi usiku gani.

Naomba mnirudishie tofauti ya bei kwa kila mwezi mliopangisha kitanda changu. Kitabu chenu cha wageni kitaonyesha ni mingapi. Naomba pia godoro lisafishwe, na mniandikie kwamba jambo hili limekoma. Nasubiri jibu ndani ya siku 7. Lisipokuja nitahama, nanyi mtanirudishia amana yangu yote.

Shuka nimeshazichukua.

Mpangaji wenu,
Chumba namba 3, kitanda cha chini