Mpime paka kwanza, mlango baadaye

Anayeishi na paka mjini anaijua kero hii. Saa kumi na moja alfajiri anakwaruza mlango wa jikoni, unaamka kumfungulia, anatoka, na nusu saa baadaye analia nje anataka kurudi. Ukimwachia dirisha, kucha zake zinachana wavu na mbu wanapata njia. Hapo ndipo wateja wetu wa Dar es Salaam wanapokuja karakana kuulizia kilango cha paka: tundu dogo chini ya mlango, lenye kifuniko cha kuning'inia ambacho mnyama anakisukuma kwa kichwa na kinajirudi chenyewe.

Kazi ya kukikata na kukifunga ni ya saa chache. Lakini vilango vingi tunavyoitwa kuvitazama upya havina kasoro ya ufundi. Ama kipimo kilichukuliwa kwenye mlango badala ya kwenye mnyama, ama siku ileile fundi alipoondoka paka alishikwa mabavu na kusukumwa apite. Paka wa namna hiyo hukikwepa kilango kwa muda mrefu sana.

Tuanze na kipimo. Mwache mnyama asimame wima, umpime kutoka sakafuni hadi juu ya mabega. Kichwa usikihesabu, maana akipita hukiinamisha. Kisha pima kutoka sakafuni hadi tumboni, na mwisho upana wa mwili pale alipo mpana zaidi. Ukingo wa juu wa tundu uzidi mabega kwa sentimita 3 hadi 5, upana uzidi mwili wake kwa sentimita 3 hivi kwa paka na 5 kwa mbwa, na ukingo wa chini usipite usawa wa tumbo, ili avuke bila kuruka. Paka wengi wa nyumbani wanatoshwa na tundu la sentimita 15 hadi 18 kila upande. Ukitaka uhakika, kata tundu la vipimo hivyo kwenye boksi tupu la katoni, weka chakula upande wa pili, umtazame anavyopita. Katoni ikiharibika hujapoteza kitu; mlango wa mninga ukiharibika ni hasara.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi hulisahau. Nyumba zetu nyingi zina msingi ulioinuka, na kwa hiyo ndani kilango kinaweza kuwa sentimita 12 kutoka sakafuni huku nje kikiwa sentimita 40 kutoka ardhini. Paka kijana atajitupa. Paka mzee, au mwenye mimba, atasita, na mbwa mwenye maumivu ya viungo hatapita kabisa. Tofali moja au mawili ya kukanyagia upande wa nje yanamaliza tatizo hilo.

Kuhusu wapi pa kutoboa, jibu linategemea mlango wenyewe. Mlango wa mbao wa panel unatobolewa kwenye panel ya chini tu. Ukigusa nguzo za fremu unaudhoofisha. Mlango wa flashi ni mtupu ndani, kwa hiyo baada ya kukata lazima tujaze kingo kwa vipande vya mbao kabla ya kupiga skrubu, la sivyo kilango kitalegea. Wa chuma tunaukata kwa grenda, tunachomelea fremu ndogo na kuipaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwani hewa ya bahari haisubiri. Kioo kilichotiwa nguvu kwa joto hakikatwi tena baada ya kutoka kiwandani; hicho unaagiza kipya chenye tundu lake tayari. Na ukiwa umepanga, usikate chochote kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Madirisha ya luva yanatupa njia nzuri: tunachomoa vioo viwili au vitatu vya chini, tunaweka kipande cha plaiwudi chenye kilango, na siku ya kuhama unarudisha vioo mahali pake. Ila hakikisha nondo za dirisha zimeachana vya kutosha kwa paka wako.

Usalama ni swali halali, na tunalijibu bila kuficha. Kilango kisikae chini ya kitasa mahali ambapo mkono ukiingizwa unafikia komeo au ufunguo ulioachwa mlangoni. Tundu la mbwa mkubwa linampitisha mtoto, wa kwako anayetambaa au wa mtu mwingine aliyetumwa, ndiyo maana hatupendi kuliweka kwenye mlango wa kuingilia nyumbani. Kwa mbwa wa ulinzi tunashauri kilango kiwekwe kwenye banda lake au stoo ya uani, akimbilie kivuli na kujikinga mvua bila kumsubiri mtu.

Halafu kuna wageni wa usiku: panya buku, nyoka, na paka shume wa mtaani anayefuata harufu ya samaki. Chagua kilango chenye sumaku kwenye ukingo wa chini, ili kifuniko kisicheze na upepo, chenye brashi nyembamba pembeni za kuziba mwanya, na chenye bamba la kuteremsha kwa ndani. Bamba hilo literemshwe jioni paka akishaingia. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na paka naye huwinda zaidi machweo na alfajiri, kwa hiyo kufunga mapema kunakukinga wewe na kuwaokoa ndege na mijusi wa bustani. Akilala ndani, mwachie sanduku lake la mchanga.

Sasa mafunzo, ambayo kwetu ni nusu ya kazi. Siku za mwanzo usimwonyeshe kifuniko kabisa. Kiondoe, au kifunge juu kwa kamba imara kisije kikamwangukia, umwache azoee tundu tupu. Sahani yake iweke ndani, karibu na kilango, na umwite wakati wa chakula akiwa nje na njaa yake ya kawaida. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja nje, mmoja ndani, mnapokezana kumwita kwa sauti mnayomwitia kila siku, na kila akivuka anapata kipande kidogo cha samaki asiye na mwiba wala chumvi.

Akishapita bila kusita, tundika kipande cha kanga kuukuu badala ya kifuniko, kwanza kifupi kinachofika nusu ya tundu, baadaye kirefu. Kinachomtisha paka ni kitu kumgusa mgongoni na mkiani akiwa katikati, na kanga inamgusa kwa upole. Baada ya hapo rudisha kifuniko chenyewe, kikiwa kimeinuliwa nusu, kisha kishushe kidogo kidogo. Kile kishindo cha kifuniko kujifunga nacho huwafukuza wengi. Bandika ukanda mwembamba wa kitambaa ukingoni kwa wiki za mwanzo. Wengine wanajifunza kutoka nje kwa siku mbili tu lakini kuingia kunawashinda, kwa hiyo fundisha pande zote mbili.

Akigoma, rudi hatua moja nyuma. Usimsukume, usimvute miguu, usimfokee. Tumeona paka aliyechukua siku tatu na paka aliyechukua wiki nne, na wote walijifunza. Kama una paka mkubwa anayekijua kilango, mruhusu mdogo amtazame, wanaigana vizuri. Mbwa kwa kawaida huelewa upesi zaidi, hasa kifuniko kikiwa cha mpira laini.

Kabla hujampa mnyama uhuru wa kutoka, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, paka na mbwa sawasawa. Ugonjwa huo dalili zikishaonekana karibu kila mara huua, na karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na kuumwa na mbwa. Muulize pia daktari wa mifugo kuhusu kuhasi: paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na kilango kikiwa wazi hutamzuia.

Vipo vilango vya betri vinavyosoma chipu iliyowekwa chini ya ngozi ya mnyama na kumfungulia yeye peke yake. Vinafanya kazi vizuri, lakini ni ghali, na kwa nyumba isiyosumbuliwa na paka wa jirani hatuvipendekezi.

Ukija kuagiza, leta vile vipimo vitatu vya mnyama, unene wa mlango, urefu kutoka tundu litakapokaa hadi ardhini upande wa nje, na picha ya mlango pande zote mbili. Kama mnyama bado anakua, tuambie umri wake na ukubwa wa wazazi wake ukiwajua, tukate tundu la umri wake wa utu uzima na kuliwekea kizingiti cha muda cha kukanyagia.